Chicago Haiandikwi kwa Kuangalia Filamu

Vijana wenzangu wa kalamu, tuambizane ukweli. Hadithi tunazopokezana hapa Mikindani zimejaa Chicago: bastola, magorofa, theluji, na jamaa anaitwa Johnny. Mwandishi mwenyewe hajavuka hata Mto Ruvuma!

Sisemi Marekani isiandikwe. Nasema isomwe kwanza. Wenyewe wameisoma miji yao kwa macho mengi. W.E.B. Du Bois alipita nyumba kwa nyumba Philadelphia, akiuliza kazi, kodi na afya za Weusi. Kitabu kikatoka 1899. Mwaka 1945 Drake na Cayton walitoa utafiti wao juu ya Weusi wa Chicago. Utangulizi kaandika nani? Richard Wright, mtunzi wa riwaya! Humo akasema wazi kwamba kazi za wasomi wa jamii zilimfungua macho kuuona mji aliokuwa akiishi.

Basi macho hayo tuyageuzie kwetu. Boma la Wajerumani la 1895 lilijengwa kumtawala nani? Hiyo ni historia. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulijengewa bandari Mtwara, Mikindani ikadorora. Huo ni uchumi. Nyumba za mawe zimebaki magofu, warithi wako wapi? Hayo waulizeni mabibi vibarazani.

Asiyeweza kueleza kwa nini mji wake umelala, hataweza kueleza kwa nini Chicago haijalala. Atanakili tu. Na wa kunakili, jamani, tunao wa kutosha.