Ngome ya Kilimani Kairo: Kisima, Msikiti na Lango la Azab



Wiki hii twawaalika wapenzi wasomaji, wakubwa kwa wadogo, mfuatane nasi hadi Kairo, mji ambao vijana wetu wa pwani wamekuwa wakiuendea kutafuta elimu katika Al-Azhar. Afikaye huko huona kwa mbali kuba kubwa na minara miwili myembamba juu ya kilima upande wa mashariki. Hapo ndipo ilipo Ngome ya Salahuddin. Wenyeji huiita al-Qal'a, yaani ngome basi, kana kwamba duniani hakuna nyingine.

Kilima hicho ni ncha ya jabali la Muqattam. Kabla ya ngome kujengwa palikuwa na jumba la kupunga upepo lililoitwa Qubbat al-Hawa, Kuba la Hewa. Husimuliwa kwamba Salahuddin aliamuru nyama itundikwe mahali mbalimbali mjini, na ile ya kilimani ndiyo iliyochelewa kuoza. Hiyo ni hadithi ya wazee. Sababu ya vita iko wazi zaidi. Mwaka 1168 majeshi ya Msalaba yaliingia Misri, na mji wa Fustat ukateketezwa kwa amri ya waziri wake mwenyewe ili adui asiupate. Salahuddin aliposhika utawala, alikusudia kuizungushia Kairo na Fustat ukuta mmoja, na ngome ya kilimani iwe kichwa cha ukuta huo.

Kazi ilianza mwaka 1176 chini ya usimamizi wa Bahauddin Qaraqush. Mawe mengine yalibomolewa kutoka mapiramidi madogo ya Giza. Msafiri Ibn Jubayr, aliyepita Kairo mwaka 1183, aliwakuta mateka wa kigeni wakipasua mawe na kuchimba handaki. Tunapoyasifu majengo makubwa, tusiisahau mikono iliyoyainua. Naye Salahuddin hakuyafaidi: aliondoka Misri mwaka 1182, asirudi tena, akafariki Damascus mwaka 1193. Aliyekamilisha kazi na kuhamia humo ni al-Kamil, mtoto wa nduguye, ambaye pia aliiongezea minara mikubwa.

Tukiulizwa kitu gani humo kinatustaajabisha zaidi, tutajibu: kisima. Kuta na minara hazina faida ikiwa waliomo ndani wana kiu. Qaraqush alichimba mwambani kisima cha kina cha karibu mita 90, kimegawika mafungu mawili. Njia ya kuzunguka imechongwa kandokando ya shimo, na ng'ombe walishushwa hadi katikati kuzungusha gurudumu lililopandisha maji kutoka chini. Ng'ombe wengine juu waliyamalizia. Watu hukiita Kisima cha Yusuf, na wengi hudhani ni cha Nabii Yusuf, alayhis salaam. Lakini Yusuf ndilo jina alilopewa Salahuddin na wazazi wake. Salahuddin ni lakabu.

Baada yao walikuja Mamluki. Sultani an-Nasir Muhammad alijenga msikiti mwaka 1318 na kuujenga upya mwaka 1335. Nguzo zake zilichukuliwa katika majengo ya kale, hazifanani rangi wala vichwa, na bado zimesimama safu moja zikibeba dari moja. Minara yake ilivikwa vigae vya rangi kwa mtindo wa Uajemi. Wageni wengi huupita mbio wakiukimbilia msikiti mkubwa wa Muhammad Ali, ulioanzwa mwaka 1830 kwa mfano wa misikiti ya Istanbul. Uani mwake mna saa iliyotolewa na mfalme wa Ufaransa kuwa shukrani kwa mnara wa mawe wa Mafirauni uliosimamishwa Paris. Kwa miaka mingi saa hiyo haikuwa ikienda.

Sasa twafika mahali pazito. Tarehe 1 Machi 1811 Muhammad Ali aliwaalika wakuu wa Mamluki kwenye sherehe ya kumkabidhi mwanawe Tusun uongozi wa jeshi. Walikuja na mavazi yao mazuri, wakapokewa kwa heshima, wakanyweshwa kahawa. Kisha wakapanda farasi kuteremka kwa msafara katika kichochoro chembamba kielekeacho Lango la Azab. Lango likafungwa mbele yao, na bunduki zikafyatuliwa kutoka juu ya kuta. Mamia waliuawa siku hiyo.

Tunajua kwamba Mamluki hao nao walikuwa na dhuluma zao kwa raia. Lakini sisi ni watu wa pwani, na kwetu kahawa aliyonyweshwa mgeni ni ahadi ya usalama. Ngome iliyojengwa ili adui asiingie, ilimwaga damu ya walioingia kwa mwaliko. Wazazi watakaowasomea watoto safu hii, tafadhali msiliruke fungu hilo. Mtoto anayefunzwa ushindi wa Salahuddin peke yake hufunzwa nusu ya historia yetu.

Mwaka 1874 Khediwi Ismail aliihamishia serikali kwenye kasri la Abdin. Waingereza waliingia ngomeni mwaka 1882 na kukaa hadi 1946. Mwaka 1983 milango ilifunguliwa kwa umma. Sisi wenye Fort Jesus twaifahamu njia hiyo: ya Wareno, ikawa ya Waomani, ikawa jela ya Waingereza, na leo ni makumbusho ambamo watoto wetu huenda na walimu wao.

Basi mkienda Fort Jesus, wasomaji wetu, msitazame mizinga peke yake. Waulizeni watoto: maji yalitoka wapi? Nani aliyeyachonga mawe haya? Na walioingia langoni kwa amani, je, walitoka salama?

Allah atujaalie kuwa watu wa kutimiza ahadi, nyumbani na nje. Tukutane tena wiki ijayo, inshallah.