Njia Isiyopitwa Huzibwa

Ndugu wafanyakazi, Aprili 24, 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya Manchester, Uingereza, walipanda mlima Kinder Scout uliofungwa ili matajiri wawinde ndege. Watano walitiwa jela. Lakini mwaka 1951 mlima huo uliingia katika hifadhi ya taifa, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa wananchi haki ya kutembea milimani. Hata leo watu hujitolea kufyeka njia na kutengeneza vidaraja.

Nasi tunaokatiza mashamba makubwa kwenda mtoni na zahanati tusingoje serikali peke yake. Kila tawi lipange siku ya kufyeka. Njia ikishaota msitu, ni nani atakayeamini kuwa ilikuwa yetu?