Bunduki Ambayo Hatukuwahi Kuwa Nayo

Babu alipofariki mwaka jana, kamati ya mazishi ilinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini eti huyu "huandikaandika kwa mtandao". Baba mkubwa akaweka sharti moja: lazima bunduki iwemo.

Kila mtoto wa ukoo wetu hapa Mbololo anaijua hiyo bunduki. Babake babu alimnyang'anya Mjerumani kule Salaita, vita vya kwanza vya dunia, akarudi nayo, akaizika kwa shamba. Hakuna aliyewahi kuiona. Lakini imerithiwa bila shida yoyote, ikatoka kwa babu ikaja kwa baba mkubwa, maana yeye ndiye "anajua ilipo". Na anayejua ilipo ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mipaka ya shamba. Shangazi zangu, waliolima hilo shamba maisha yao yote, hawakuonyeshwa. Umeshika?

Nilikataa. Na kwanza, nani anasimama mbele ya chifu kutangaza kwamba familia ina bunduki isiyo na leseni?

Haya, twende Salaita yenyewe. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Uingereza, wengi wao wazungu wa Afrika Kusini, lilivamia kile kilima karibu na Taveta, likatimuliwa. Upande wa Mwingereza ndio uliokimbia siku hiyo, bana. Mtu anateka bunduki ya adui huku akitoroka? Na askari wengi wa Mjerumani walianza vita na Mauser za 1871, risasi moja moja, kila ukifyatua unatoa wingu la moshi linalomwonyesha adui ulipojificha. Si mali ya kufia.

Usiku wa matanga nyanya aliniambia jikoni, bila kupunguza sauti, kwamba baba mkwe wake hakuwahi kuwa askari. Alikuwa mpagazi. Alirudi na bega moja limeshuka, na maisha yake yote alikuwa akirudisha ugali jikoni akiuona haujaiva vizuri.

Hilo la ugali ndilo lilinimaliza. Kwa sababu wapagazi waliuawa zaidi na magonjwa kuliko risasi, kuhara kukiwa mbele, na unga wa mahindi uliopikwa nusunusu ulichangia. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwachukua kwa lazima. Mwaka huohuo ndugu zetu wa Kasigau, wakishukiwa kumsaidia Mjerumani, walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, na waliosalia walirudi miaka ya 1930. Sijasikia mzee akijigamba na hayo kwenye harusi.

Najua mtasema ni hadithi tu, inatupa fahari, kwani inamuumiza nani? Waulize shangazi zangu.

Kule Uingereza mtu akirithi Lee-Enfield ya babu yake, chuma kina namba, na babu ana jina kwenye karatasi za kikosi. Watu wetu walibeba risasi za hiyo Lee-Enfield kichwani. Nenda makaburi ya vita pale Voi usome majina kwenye mawe, uone ni ya kina nani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa popote kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Jina waliloachiwa wapagazi ni la soko: Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar. Tunashuka hapo kununua viondo na nyama choma.

Hayo ndiyo ya kudai. Badala yake tunajivisha sare ya mtu mwingine, tunamzika mpagazi mara ya pili, safari hii sisi wenyewe.

Niliandika "mpagazi". Nikasoma hivyo mbele ya jeneza. Baba mkubwa hajanisemesha mpaka leo, na grupu ya familia ya WhatsApp nilitolewa kabla chai ya waombolezaji haijapoa.

Shangazi mmoja alinifuata nyuma ya hema.

"Kwa hivyo hapo kwa mpaka hakuna kitu?"

"Hakuna, shangazi."

Wiki iliyofuata alilima hadi kwenye mpaka. Mihogo imeshika.