Maandishi yetu yanahitaji nyumba nyepesi

Kila mwaka katika kitivo chetu kazi za mwisho wa masomo zinaandikwa, zinachapwa, zinatetewa mbele ya walimu, kisha zinapangwa kwenye rafu. Anayetaka kusoma hadithi zilizokusanywa vijijini, au methali za bibi zetu, lazima aje mwenyewe, akute chumba kimefunguliwa, na aombe Mungu mchwa wasiwe wamemtangulia. Wengi wanasema dawa ni kuwa na tovuti. Nakubali. Lakini tukijenga tovuti nzito, tutayazika maandishi hayo mara ya pili.

Tovuti nzito ni ile ambayo ukurasa wake unaundwa pale msomaji anapouomba. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, kwa kawaida hufanya hivyo: programu iliyo kwenye seva inachota maneno katika hifadhidata, inayapanga, ndipo inamtumia msomaji. Ni chombo kizuri, ila kinataka mlinzi wa kudumu: kukisasisha, kutunza maneno ya siri, kulipia seva. Na sisi wanafunzi ni wapita njia. Mlinzi akishapata diploma na kwenda zake, mlango unabaki wazi kwa wezi. Malipo yakikosekana, hifadhidata inafutwa pamoja na yote yaliyomo.

Njia ya pili ni tovuti tuli. Mwandishi anaandika faili ya maandishi matupu, akitumia alama chache za Markdown, mtindo uliotolewa na John Gruber mwaka 2004: alama # mbele ya kichwa cha habari, nyota pande mbili za neno la kukazia. Kisha programu ndogo inakusanya faili zote, inazivika kiolezo kimoja, na kutoa kurasa za HTML zilizokamilika. Kurasa hizo ndizo zinazopelekwa kwenye seva, na kazi imekwisha. Jekyll inafanya hivyo tangu 2008, Hugo tangu 2013. Kwa kazi ndogo kama yetu hata Pandoc inatosha, na aliyeianzisha, John MacFarlane, ni profesa wa falsafa. Basi mtu wa lugha asiseme mambo haya ni ya wahandisi peke yao.

Tuhesabu kidogo. Makala ya maneno 600 ya Kiswahili ina herufi kama 4,000, yaani kilobaiti 4 hivi. Ongeza kiolezo na mapambo machache, bado haifiki kilobaiti 20. Picha moja ya simu inaweza kupita mega 2, sawa na makala 100 za namna hiyo. Kwa mwanafunzi anayenunua mega kidogo kidogo, tofauti hiyo ni kusoma au kutosoma. Tena, viungo vikiandikwa bila anwani kamili, folda nzima inanakiliwa kwenye flashi na kufunguka katika kompyuta isiyo na intaneti. Mwalimu wa sekondari aliye mbali na mji anaweza kuondoka na maktaba yetu mfukoni.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wa lugha. Kila ukurasa wa HTML unaweza kutaja lugha yake mwanzoni. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc, na cha pwani kina swh. Tumeandikishwa, lakini ni kurasa ngapi zinazobeba jina hilo? Tukiwa na kiolezo chetu wenyewe, tunaliandika mara moja na kila ukurasa wa Kiswahili chetu unalibeba. Na herufi kama ɛ na ɔ za Kilingala zinakaa salama, mradi faili zihifadhiwe kwa UTF-8.

Mfano upo. Historia ya mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, iliandikwa na André Yav mwaka 1965 katika Kiswahili cha hapo mjini, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha kitabuni mwaka 1990, na baadaye ikawekwa kwenye intaneti katika Archives of Popular Swahili, hifadhi iliyoanzishwa Amsterdam. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini je, kila neno la babu zetu lingoje mtu wa Ulaya alifungulie mlango?

Wenzangu watasema ukurasa wa Facebook au kundi la WhatsApp linatosha. Hapo habari inapita kama maji ya mto; jaribu kutafuta leo shairi lililotumwa miaka miwili iliyopita. Wengine watasema WordPress ina vitufe, na Markdown inatisha. Ni kweli kwamba tovuti tuli haina maoni ya wasomaji wala fomu bila kuongezewa chombo kingine, na kwamba lazima mtu ajifunze kuiendesha. Lakini alama zenyewe zinafundishika asubuhi moja, na anayejua sarufi ya vivumishi na ngeli hashindwi na nyota mbili.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na toleo hili la jarida, kwa ruhusa ya waandishi. Kila darasa litoe watu wawili: mmoja wa kuandaa faili, mmoja wa kusahihisha. Maelezo ya kuendesha kazi yaandikwe kwa Kiswahili na kukaa ndani ya folda hiyohiyo, ili wanaokuja wasianze upya. Nakala moja ikae kwenye seva, ya pili maktabani, ya tatu kwa mwalimu mmoja wa kitivo. Kazi za mwisho wa masomo zifuate, moja baada ya nyingine, kuanzia zile ambazo mchwa wameshazionja.