Jasho Lisilohesabiwa

Na Zainabu Mshana

Mtindio wa ubongo ni hali ya kudumu inayotokana na jeraha au hitilafu iliyoupata ubongo ungali unakua, ama mtoto akiwa tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama muda mfupi baadaye, na ambayo huvuruga namna ubongo unavyoiamuru misuli. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini mwili huzeeka, na wengi wakishaingia utu uzima huanza kusumbuliwa na maumivu, uchovu mzito, hata kupungukiwa na uwezo wa kutembea waliokuwa nao ujanani. Inasikitisha kwamba hapo hapo ndipo huduma hukatika, kwa kuwa kliniki za hali hii hupangwa zaidi kwa ajili ya watoto, kana kwamba watoto hao hawatafikisha miaka 40.

Anayemkuta mtu mzima wa namna hii amejilaza mchana huwa mwepesi kumwita mvivu au kumhimiza afanye mazoezi, asijue kazi iliyokwisha kufanyika asubuhi. Vipimo vya matumizi ya oksijeni vimeonyesha kwamba kutembea kunaweza kumgharimu hadi mara tatu ya nguvu anazotumia mwenzake asiye na ulemavu, kwa sababu misuli inayopaswa kulegea ili mingine ivute hubaki imekakamaa. Si kutembea tu. Mwenye mkono mmoja uliojikunja anapofua shuka, hulibana kwenye ukingo wa beseni kwa kigasha cha mkono huo huku ule mwingine ukisugua, kisha hulizungushia bombani na kulisokota mpaka maji yachuruzike. Jirani huimaliza kazi hiyo akipiga soga, yeye huimaliza akihema. Hayo ni mazoezi, na daktari hana budi kuyahesabu.

Hata hivyo hayatoshi, maana watu wazima wenye mtindio wa ubongo wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo na kisukari kuliko wenzao wa rika moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, ambao kwa mara ya kwanza ulitoa mapendekezo mahususi kwa watu wenye ulemavu, unawataka watu wazima walenge dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani ile inayoharakisha pumzi bila kumkata mtu kauli, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku 2, huku ukikiri kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Kwa miongo mingi wataalamu waliogopa kwamba kuijengea misuli nguvu kungezidisha ukakamavu wake. Tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1990 zimeiondoa hofu hiyo, na kuinuka kitini mara kadhaa au kunyanyua chupa iliyojazwa mchanga ni mwanzo halali kabisa. Kwa anayetumia kiti mwendo upo boksia, mchezo wa kurusha mipira midogo kuulenga mpira mweupe, ambao umo katika Paralimpiki tangu 1984.

Swali zito ni nguvu za mazoezi hayo zitoke wapi. Dar es Salaam inatoa sehemu ya jibu: vituo vya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, vina sakafu iliyolingana na mlango wa basi, ilhali daladala humdai abiria apande ngazi ya juu huku konda akimhimiza na dereva akiondoa gari. Nguvu zinazopotelea kwenye ngazi ile ndizo ambazo zingetumika jioni katika zoezi alilolichagua mwenyewe. Kwa hiyo halmashauri inayojenga stendi bila njia ya mteremko imeingilia afya ya mtu sawasawa na hospitali iliyomfungia mlango. Nazo hospitali za mikoa zingetenga walau siku moja kwa wiki kwa ajili ya watu wazima hawa, na mtaalamu wa fiziotherapia, kabla ya kuandika zoezi lolote, aanze kwa kuuliza jana ilikwendaje: umbali aliotembea, nguo alizofua, ngazi alizopanda, na saa ambayo mwili ulikataa.