Rangi si Dawa ya Ufa

Kuna ugonjwa katika miji yetu ya pwani ambao nimeuona tangu ujana wangu mpaka leo nimepita miaka sabini. Tunaamini kwamba nyumba iliyopakwa rangi ni nyumba iliyotunzwa. Mgeni mkubwa akitarajiwa, ndoo na brashi hutoka. Sikukuu ya taifa ikikaribia, kuta zinazotazama barabara hung'aa. Kule nyuma, asikopita mgeni, lipu inadondoka na bomba linavuja kama kawaida. Huo si utunzaji hata kidogo. Ni unafiki wa kuta, na unatugharimu roho za watu.

Tumtazame kwanza adui mwenyewe. Jengo la pwani hupigwa na jua kali, na mvua za masika, na upepo wa kaskazi na kusi unaobeba chumvi ya bahari. Kadiri jengo linavyokuwa refu ndivyo linavyokosa kivuli cha kulikinga, na ndivyo inavyokuwa taabu kwa mtu kufika juu akatazame.

Wazee wa Unguja, Mombasa na Lamu walimjua adui huyu. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakalaza dari juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupumua: maji yanayoingia wakati wa mvua hutoka wakati wa jua. Chokaa yenyewe hunyonya hewa ya ukaa na kugeuka polepole kuwa jiwe tena. Leo ukuta huo huo tunaubandika lipu ya saruji na kuupaka rangi ya plastiki. Maji yakipenya kwenye ufa hayana pa kutokea. Hubaki ndani, chumvi ikaganda na kuisukuma lipu, na ncha za boriti zilizofichwa ukutani zikaoza bila mtu kujua. Rangi hubaki nzuri mpaka siku inapoanguka pamoja na kipande cha ukuta.

Wapo watakaonijibu kwamba chokaa ni mambo ya kale, kwamba hupauka upesi na kutaka kupakwa tena na tena, ilhali rangi ya kisasa hudumu miaka mingi. Hoja hiyo naigeuza. Yule fundi anayepanda ngazi kupaka chokaa ndiye mkaguzi wetu. Yeye ndiye anayeuona mche uliochipua kwenye ufa, na mfereji wa paa ulioziba. Rangi ya kudumu miaka 10 tumeifanya ruhusa ya kutotazama juu kwa miaka 10.

Wengine watasema hayo ni ya Mji Mkongwe, na sisi wa maghorofa ya Dar es Salaam tunajenga kwa zege. Basi wajue kwamba hewa ile ile inayoiimarisha chokaa ndiyo inayolipunguzia zege uwezo wa kuzilinda nondo zake. Chumvi ikifika ndani, mambo huharakika. Nondo hushika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Ile michirizi ya kahawia tunayoiona chini ya vibaraza ni barua ya onyo. Rangi inayofaa husaidia kweli kulikinga zege, lakini baada ya kubomoa sehemu mbovu, kusafisha nondo na kuziba upya. Kupaka juu ya kutu ni kumvisha mgonjwa kanzu ya Idi.

Katika chuo kimoja nilikofundisha nikiwa mwalimu kijana, fedha za kuziba paa zilinunuliwa rangi kwa ajili ya ziara ya siku moja. Mgeni alisifu usafi, akaondoka. Masika yalipoingia, wanachuo walihamisha vitanda usiku.

Mfano mkubwa zaidi ni Beit al-Ajaib ya Unguja. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, ikasimama juu ya majirani zake wote ikiitazama bahari. Mwaka 1896 mizinga ya manowari za Waingereza iliiharibu kasri iliyokuwa jirani, yenyewe ikabaki. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwaka 2012 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande mzima ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 wakafa. Sisemi kwamba rangi ndiyo iliyoliangusha. Nasema kwamba jengo lililonusurika mizinga halikunusurika miaka ya maji, chumvi na kuahirisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hilo kila mtoto wa shule ya msingi analijua. Sisi tumezua njia ya tatu, ya kuupaka ufa rangi. Mimi nadai jambo moja tu kwa kila bodi ya shule, kila halmashauri na kila mwenye ghorofa: ukaguzi utangulie, matengenezo yafuate, rangi ije mwisho. Na bajeti isiyo na fungu la ngazi na jukwaa la fundi, isiwe na fungu la rangi.