Mtoto wa sukari akiumwa, sindano haiachwi



Leo tunasema na kina mama wenye watoto wa sukari, wale wanaochomwa insulini kila siku. Kuna maneno tunayasikia sana: "Mtoto hajala, usimchome, sukari itashuka." Yanasemwa kwa huruma, na bibi, na shangazi, hata na jirani. Lakini ni maneno ya hatari na tuyakatae.

Mtoto akipata homa au mafua, mwili unapigana na maradhi, na sukari hupanda hata kama hajatia kitu mdomoni. Insulini ikikosekana, mwili hauwezi kuitumia sukari hiyo, basi unaanza kuunguza mafuta yake. Hapo damu inajaa tindikali ziitwazo ketoni. Mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Wengi wetu tukiona hivyo tunasema kapigwa jicho. Akicheleweshwa anazimia, na anaweza kufa.

Dozi inaweza kubadilishwa, na hilo aseme daktari, maana kuna siku sukari hushuka kweli, hasa akitapika au kuharisha. Ndiyo maana siku za homa tunapima kila baada ya saa mbili mpaka nne, na usiku tunaamka. Maji anywe kidogo kidogo, muda wote. Kipimo kikisoma chini ya 4, apewe chai ya sukari au juisi. Akitapika mfululizo, akihema vile, au vijiti vya mkojo vikionesha ketoni nyingi, ni hospitali, hata iwe saa nane za usiku, na mkifika tu semeni kwamba ana sukari. Bibi naye afundishwe haya, kwani mara nyingi ndiye anayebaki na mtoto.

Kisomo asomewe, zamzam anywe, dua tumuombee. Dini yetu imetuamrisha tujitibu, na sindano ni katika hayo.

Vijiti ni ghali, tunajua. Lakini kikundi kinachochangishana sare ya harusi kwa wiki moja kinaweza kumchangia mwenzetu vijiti vya mwezi mzima. Na sare hizo tunazishona sisi, kwa hivyo msidhani tunasema kwa faida ya mfuko wetu.